Vinyago Vilivyovuka Ruvuma

Mwongozaji wa filamu alikuja na swali moja, akalirudia asubuhi nzima: kati ya vinyago hivi, cha vita ni kipi? Mimi nilikuwa mkalimani wake. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya 2000, tuko Mwenge, Dar es Salaam, kwenye mabanda ya wachongaji. Mzee aliyekuwa akirekodiwa alipigania FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji kutoka kwa Wareno, ujanani mwake.

Alikuwa ameketi chini, gogo kalibana kwa nyayo, tezo inakwenda. Mpingo ni mti mgumu na mzito. Ukiutia majini unazama. Aliondoa kwanza sehemu nyeupe ya nje, na weusi ulipoanza kutokeza akapunguza kasi, akashika patasi. Kwa muda mrefu kamera haikupata kitu isipokuwa mlio wa chuma.

Alizaliwa upande wa Mueda, kaskazini mwa Msumbiji. Akavuka mto Ruvuma kuingia Tanzania akiwa kijana mdogo, kumfuata mjomba wake aliyekuwa akikata mkonge Lindi. Mjomba ndiye aliyemfundisha kuchonga, na kwa Wamakonde kauli ya mjomba ni nzito. Habari za Wareno kuwapiga watu risasi Mueda, tarehe 16 Juni 1960, zilimkuta huko huko mkongeni. FRELIMO ilipoundwa Dar es Salaam mwaka 1962 alikuwa tayari ameamua. Akapitia mafunzo Nachingwea, kisha akaingia Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji alikozaliwa.

"Mwulize kuhusu mapigano," mwongozaji akaniambia tena.

Mzee akaweka patasi chini. "Mwambie, mwanangu, vita ni kubeba."

Akaeleza, nami nikatafsiri taratibu nisipoteze neno. Kule ndani hakukuwa na gari. Makombora ya mota, risasi na dawa vilivuka mto na kwenda kichwani, porini, mara nyingi usiku ili ndege za Wareno zisiwaone. Wabebaji wengi walikuwa wanawake. Mwaka 1967 FRELIMO iliunda kikosi cha wanawake, lakini mzee alisisitiza kwamba kina mama walikuwa wakibeba tangu mwanzo, wengine wakiwa na watoto mgongoni.

Kisha akasema jambo ambalo hata mimi, niliyekulia Dar es Salaam nikiviona vinyago kila siku, sikuwahi kulisikia. Misafara ile haikurudi mitupu. Ilirudi Tanzania na korosho, ufuta na vinyago. Katika maeneo yaliyokombolewa wachongaji walipangwa kwenye vikundi, na kazi zao zikauzwa upande huu ili chama kipate fedha. Yeye mwenyewe, alipojeruhiwa mguu, aliwekwa kwenye kikundi kama hicho. Alichonga akisikia mabomu.

Aliinuka, akaniletea kinyago kilichokuwa nyuma ya vingine: wanawake watatu wanafuatana, kila mmoja na mzigo kichwani.

"Wateja wanadhani ni kuni," alisema. "Ni masanduku ya risasi."

Mwongozaji alimwita mpiga picha mbio, wakakirekodi kila upande hadi jua likahama. Nilifurahi mno siku ile. Niliamini filamu imepata moyo wake.

Ilipokamilika tulikaa pamoja kuitazama. Msimulizi alisema mzee "aliweka bunduki chini, akashika tezo," kana kwamba mtu mmoja alikufa akazaliwa mwingine. Iliniuma sana, na bado naona sentensi ile ilimnyang'anya mzee nusu ya vita vyake, kwa sababu tezo ilikuwamo vitani tangu awali. Nilimtafsiria hivyo hivyo ilivyosemwa.

Hakubishana nayo. Aliomba warudishe nyuma hadi pale penye kinyago, akatazama tena, kisha akanigeukia.

"Waambie hao kina mama wamewapitisha haraka mno. Njia ile ilikuwa ndefu."