Maji ya Betri

Mara ya kwanza hakukutokea kitu. Tulitia bromati ya potasiamu, asidi ya maloniki, bromidi kidogo, asidi ya salfuriki, kisha matone ya feroini, rangi nyekundu yenye chuma ndani yake. Adhana ya alasiri ikapita, na bilauri ingali nyekundu vile vile.

Ilikuwa Jumamosi, nami niko kidato cha tatu. Mwalimu wetu wa kemia, jirani yetu pale Mkomani mjini Lamu, alikuja na sanduku lake hadi kwenye daka la nyumba yetu ili nijaribu kazi yangu ya kongamano la sayansi. Alikuwa amenisimulia habari za Boris Belousov, Mrusi ambaye mwaka 1951 aliona mchanganyiko ukibadili rangi na kuirejea, tena na tena. Majarida yalimkatalia: haiwezekani, mmenyuko hauendi ukarudi. Mwaka 1959 alichapisha kurasa chache tu, ndani ya mkusanyiko wa tiba ya mionzi. Anatol Zhabotinsky akaishika kazi hiyo miaka ya 1960 mpaka ikakubalika. Kazi hiyo ilipopewa Tuzo ya Lenin, tuzo kubwa ya Kisovieti, mwaka 1980, Belousov alikwisha kufa miaka kumi. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Mwalimu aliuliza maji nimeyatoa wapi. Kisimani, nikajibu. Visima vya mjini Lamu vina chumvi. Maji matamu hutoka kwenye vilima vya mchanga vya Shela. Akamimina kidogo katika mrija wa majaribio, akadondosha nitrati ya fedha. Palepale pakatanda weupe mzito kama tui.

"Kloridi," akasema. "Hii huuzima mmenyuko hata ikiwa kidogo."

Nikamkimbilia ami, fundi wa mashine za boti. "Maji yasiyo na kitu? Si haya ya betri," akanipa chupa.

Safari hii wekundu ulikaa kidogo, halafu ghafla bilauri nzima ikawa buluu. Ikapita zambarau, ikarudi nyekundu. Vipovu vidogo vikipanda. Buluu tena! Nilikuwa nikikoroga huku nikitazama saa ya mkononi, mikono ikinitetemeka.

Bibi akainama akatazama. "Ni kama mai ya pwani, yajaa yapwa."

Nikamwitikia, "Naam, bibi." Nilikosea. Maji ya bahari huvutwa na mwezi. Haya hayakuvutwa na chochote cha nje.

Mle ndani bromidi ndiye bawabu. Akiwa wa kutosha, humnasa kila mtoto wa asidi ya bromasi anayezaliwa na bromati, huku bromati ikimla yeye mwenyewe polepole. Akipungua kupita kiwango fulani, mlango hufunguka: asidi ya bromasi huzaa asidi ya bromasi, moja inakuwa mbili, mbili nne, na chuma kilichomo katika feroini hupokonywa elektroni. Hiyo ndiyo buluu, na ndiyo sababu huja kwa ghafla. Lakini buluu hiyo nayo huishambulia asidi ya maloniki iliyokwisha kubeba bromini, na humo bromidi hutoka upya. Bawabu amerudi. Hatua hizi zilipangwa na Robert Field, Endre Kőrös na Richard Noyes mwaka 1972, na mimi sijaona maelezo mazuri kuliko hayo katika kemia yote.

Vinavyopanda na kushuka ni hivyo vya katikati tu: bromidi, asidi ya bromasi na rangi ya feroini. Bromati na asidi ya maloniki hupungua tangu mwanzo hadi mwisho, hazirudi. Waliomkatalia Belousov walidhani mmenyuko mzima ndio unaorudi nyuma.

Tuliiweka bilauri katika beseni la barafu ya wavuvi. Buluu ikawa inachelewa kuja. Tukaitoa, ikaharakisha. Baada ya magharibi mapigo yakaanza kuachana, kisha yakakoma.

Bibi alipotoka kuswali Isha akauliza kama maji yamepwa.

"La, bibi," nikamwambia. "Yamekwisha mafuta, kama kandili."