Banda la Kuku wa Kienyeji Hujengwa kwa Ajili ya Usiku

Kuku wa kienyeji anayefugwa kwa kuachiwa hutoka alfajiri, akashinda akichakura chini ya miti na kando ya uzio, na kurudi magharibi jua linapozama. Bandani hulala, hutaga na kuatamia. Shughuli zake nyingine zote ziko nje. Kwa sababu hiyo, nilipoamua kujenga banda nyuma ya nyumba yetu hapa Kihonda, Morogoro, jambo la kwanza nililozungumza na fundi ni namna kuku watakavyolala. Mabanda mengi ya mtaani kwetu yamejengwa kwa kumwogopa mwizi peke yake: ukuta wa matofali hadi kwenye paa, kidirisha kimoja kidogo na mlango wa chuma. Mwizi huzuiwa kweli, lakini kuku hulala usiku kucha katika hewa nzito ya amonia itokayo kwenye kinyesi chenye unyevu, hewa inayowasha macho na kudhoofisha njia ya kupumua, na mfugaji huja kushangaa kwa nini mafua hayaishi.

Banda letu lina urefu wa mita 3 na upana wa mita 2, nafasi inayowatosha kuku wakubwa kati ya 24 na 30 ikiwa kila mita moja ya mraba italala kuku wanne au watano. Urefu wake umeelekezwa mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipige pande fupi tu. Pande hizo mbili na upande wa nyuma zimezibwa kwa mabanzi, yale magome ya mbao ambayo viwanda vya kupasulia mbao huyauza kwa bei nafuu. Upande wa mbele umezibwa hadi usawa wa kiuno, na kuanzia hapo hadi kwenye paa ni wavu mtupu. Masika yakifika, tunateremsha pazia la viroba vilivyoshonwa pamoja, lakini juu yake tunaacha uwazi wa kiasi cha shubiri moja, kwa kuwa hewa ya joto na unyevu hupanda na inahitaji mahali pa kutokea.

Sakafu imeinuliwa sentimita 75 kutoka ardhini juu ya mirunda sita. Sehemu ya mirunda inayoingia udongoni tuliipaka oili chafu ili kuzuia mchwa, na kila mrunda tuliuvisha kipande cha bati kilichokunjwa kuelekea chini kama mwavuli, ili panya anayepanda afike hapo na kushindwa kuendelea. Sakafu yenyewe ni ya fito zilizoachana kwa sentimita 2, hivyo sehemu kubwa ya kinyesi hudondoka chini. Wapo wafugaji wanaopenda sakafu ya chini iliyotandazwa maranda au pumba za mpunga, nayo ni njia nzuri kwa anayeweza kuyageuza mara kwa mara na kuyaondoa yanapolowa. Kwa eneo letu, ambalo maji ya mvua hupita uani kwa wingi, niliona sakafu ya juu ndiyo salama, kwani matandiko yaliyolowa ni makazi ya vimelea vya ugonjwa wa kuhara damu unaoua vifaranga.

Kwenye wavu sikukubali kubana matumizi. Wavu laini unaoitwa wa kuku, wenye matundu makubwa ya pembe sita, humzuia kuku asitoke, lakini kicheche huweza kupenyeza mguu na kumjeruhi kuku aliyelala karibu, na nyoka mdogo hupita bila shida. Tulitumia wavu mgumu wenye matundu ya nusu inchi, tukaubana kati ya fremu na vipande vya mbao badala ya kuutegemeza kwenye misumari iliyopindwa. Mlango una komeo mbili, ya juu na ya chini, maana mlango wa mbao ukipinda kwa jua hufungua pengo kwenye kona.

Ndani, vichanja vya kulalia vyote viko kwenye kimo kimoja. Vikipangwa kama ngazi, kila kuku hutaka cha juu kabisa, na ugomvi wa jioni huwaumiza walio wanyonge. Tumechagua fito za duara zenye unene wa sentimita 5, kila kuku akipata nafasi ya sentimita 20. Viota viko chini zaidi ya vichanja, kwenye kona yenye giza, kwani viota vikiwa juu kuku hulala humo na kuchafua mayai. Kila kiota kina sentimita 30 kila upande, na kimoja huwatosha matetea watano. Nyufa za vichanja na viota hukaguliwa usiku kwa tochi, kwa sababu papasi na utitiri hujificha mchana na kutoka gizani kunyonya damu.

Chombo cha maji tumekitengeneza kwa dumu la lita 5 lililotobolewa tundu karibu na mdomo, likajazwa, likafungwa na kugeuzwa juu ya sahani pana. Tundu lazima liwe chini ya ukingo wa sahani. Maji yakilifunika hewa haiingii na maji husimama, kuku wakinywa hewa huingia na maji hujazia.

Faida ninayoithamini kuliko zote ni chanjo. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, unaweza kumaliza kundi lote lisilochanjwa kwa siku chache, na chanjo ya I-2 ya kudondosha jichoni, inayotengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari, inastahimili joto kuliko chanjo nyingi nyingine. Ugumu ulikuwa kuwakamata kuku wanaozagaa. Sasa tunawachanja kila baada ya miezi mitatu kabla ya kuwafungulia alfajiri, mmoja akishika na mwingine akidondosha, na hakuna anayesahaulika mtini.

Kinyesi kilicho chini ya banda tunakirundika pamoja na majani makavu hadi kioze, kwani kikiwa kibichi huunguza miche ya mchicha. Kazi iliyobaki ni kizimba cha tetea mwenye vifaranga, kitakachokuwa na sakafu ya mbao zilizoshikana na kijimlango kinachopitisha vifaranga peke yao, ili wapate chakula chao bila kunyang'anywa na wakubwa.