Kidole gumba juu ya mguu wa mtoto

Mwezi huu nimewapokea tena wanafunzi wa uuguzi wanaokuja kufanya mazoezi katika kliniki yetu ya watoto hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, siku ile ambayo akina mama wenyewe huiita siku ya kilo. Namba wanazijua vizuri kuliko nilivyozijua mimi nilipokuwa wa umri wao: kwamba mtoto aliyezaliwa na kilo 3 hukaribia 6 afikapo miezi mitano na 9 atimizapo mwaka, na kwamba katika mwaka huohuo urefu wake huondoka kwenye sentimita 50 hadi karibu 75. Lakini mtoto akishatundikwa kwenye mzani, wote hutazama mshale, na yeye mwenyewe analia pale juu bila mtu wa kumtazama.

Siwezi kuwalaumu, maana kosa hilo nililifanya kabla yao. Nilikuwa mwaka wa pili wa masomo, na mama mmoja aliniletea mtoto wa miaka miwili na kidogo, mwenye mashavu yaliyojaa. Nilimpima, nikaweka nukta kwenye kadi yake, nikaona imeangukia mahali pazuri, nikasema kwa furaha: «Hongera mama, mtoto amenenepa.» Mama hakutabasamu. Alijibu kwa sauti ya chini kwamba mtoto amekataa chakula, kucheza hataki, na kutwa nzima analialia tu. Nilikuwa tayari nimemwita anayefuata.

Muuguzi mkongwe aliyekuwa akitusimamia, ambaye sote tulimwita Mama, alimrudisha. Alimpakata mtoto, akamvua soksi, akaweka vidole gumba vyake viwili juu ya nyayo mbili, upande wa juu, akabonyeza huku akihesabu polepole: mia na moja, mia na mbili, mia na tatu. Alipoinua vidole, vishimo viwili vilibaki vilevile, kama alama ya kidole kwenye tonge la bugali. Ndipo nilipoziona na nywele, nyepesi na zenye wekundu, na ngozi ya mapaja iliyoanza kubambuka. «Mwanangu,» aliniambia, «haya uliyoyapima ni maji.»

Watu wa Kivu wanaujua ugonjwa huo kwa jina la bwaki, na hapa Bukavu kuna shirika lililolichukua neno hilo katika jina lake, Comité Anti-Bwaki. Vitabu vinauita kwashiorkor, neno la Kiga cha Ghana ambalo daktari Cicely Williams aliliingiza katika maandishi ya tiba mwaka 1935, na ambalo lilihusu mtoto anayeugua baada ya mdogo wake kuja. Mama wa mtoto yule alikuwa na mimba ya miezi sita. Ziwa alilikatiza mara alipojijua, na tangu hapo mtoto aliishi kwa bugali wa muhogo na maji ya sombe, yaani majani ya muhogo yaliyopikwa. Uvimbe wa miguu yote miwili peke yake unatosha kumhesabu mtoto kuwa na utapiamlo mkali, hata kama mzani na utepe wa kupimia unene wa mkono havisemi kitu. Ukiwa umepanda hadi usoni kama ule, mtoto hulazwa hospitali siku hiyohiyo. Mimi nilikuwa nimempongeza mama na kumruhusu aende nyumbani.

Kwa hiyo wanafunzi wangu huanza na miguu, kisha utepe katikati ya mkono wa kushoto (kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya milimita 115 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali, kutoka hapo hadi chini ya 125 ni njano, yaani wa wastani), halafu ndipo mzani, ambao mshale wake lazima urudishwe kwenye sifuri kabla ya kila mtoto. Urefu ndio unaorukwa zaidi, kwa kuwa unahitaji watu wawili, mmoja ashike kichwa na mwingine anyooshe magoti, na mtoto wa chini ya miaka miwili apimwe amelala. Mwanafunzi mmoja aliniambia kwamba haina haja, watoto wa milimani huku ni wafupi kwa asili. Jibu hilo nalisikia hata kwa wauguzi wenye vyeti, na linanikera. Mistari iliyochorwa kwenye kadi zetu ni ya Shirika la Afya Duniani, ilitolewa mwaka 2006 baada ya kuwapima watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na kilichoonekana ni kwamba watoto walionyonyeshwa vizuri na kutunzwa vizuri hukua kwa namna inayokaribiana sana katika miaka yao mitano ya kwanza, mlima au hakuna mlima.

Kuhusu kutembea nitasema machache tu. Mtoto wa miezi 14 asiyetembea bado hajachelewa, kwani wenye afya wengine huanza wakikaribia miezi 18. Mama atulizwe, lakini mtoto aliyeacha kufanya alichokuwa akikiweza apelekwe kwa daktari bila kungoja.

Panapobaki kazi kubwa ni kwenye ushauri. Mwanafunzi humwambia mama ampe mtoto nyama, mayai na maziwa, na mama huitikia ndiyo, kisha anafunga kitenge na kurudi kubeba mizigo ya watu kwa mgongo, kwa malipo yasiyonunua hata yai moja la kila siku. Nawataka waulize kwanza jana mtoto alikula nini, mara ngapi, na nani aliyemlisha mama akiwa kazini. Baada ya majibu hayo tunaweza kuzungumza juu ya fungu dogo la sambaza (samaki wadogo kama dagaa) wakavu wa soko la Kadutu, watwangwe hadi wawe unga, kijiko kimoja kiingie kwenye uji pamoja na mafuta kidogo ya mawese, na ziwa liendelee hadi miaka miwili au zaidi.

Jumanne iliyopita mwanafunzi mmoja alikuwa akibonyeza miguu ya mtoto mzima kabisa, mchangamfu, na mama akauliza kwa wasiwasi anatafuta nini. Mwanafunzi alimweleza yote, hadi ile hesabu. Mama alisikiliza, akaufuta mguu mmoja wa mwanawe kwa ncha ya kitenge, akaweka kidole gumba chake mwenyewe, akaanza kuhesabu.