Unipe mlima huu

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Somo la wiki hii ni Yoshua 14:6–15. Kalebu mwana wa Yefune alitumwa kuipeleleza nchi akiwa na miaka 40. Anapomjia Yoshua huko Gilgali ana 85. Katikati kuna miaka 45, na mingi aliimalizia jangwani kwa kosa la wapelelezi kumi waliowavunja watu moyo. Rika lake lote walizikwa njiani, akabaki yeye na Yoshua.

Mahubiri mengi hukimbilia nguvu zake. Tutazame kwanza anachoomba. Hesabu 13:22 inasema wapelelezi waliwakuta Hebroni Ahimani, Sheshai na Talmai, wana wa Anaki, watu wa kimo cha kutisha. Soma sasa Yoshua 15:14: majina ni yale yale matatu. Mzee huyu aliomba mlima uleule wa Hebroni uliowatia wenzake hofu. Miaka yote hiyo hakuwa ameusahau.

Hapa Dar es Salaam, Sanamu ya Askari pale Posta, na bunduki yake yenye singe, imesimama tangu 1927 kuwakumbuka Waafrika wa Vita vya Kwanza. Tunaipita kila siku. Lakini yupo pia mzee wa Vita vya Kagera anayeketi benchi la nyuma kanisani. Kampala ilianguka Aprili 1979. Kufikia 2024 ilitimia miaka 45, sawasawa na ile ya Kalebu.

Kumtembelea kunataka utaratibu. Nendeni wawili, si jumuiya nzima. Iwe asubuhi, akishapata chai na dawa, jua halijawa kali. Milio ya bunduki na mizinga huharibu masikio, na zinazotangulia kupotea ni sauti nyembamba. Ndiyo maana anasikia kuwa mnaongea lakini maneno hayashiki. Kupiga kelele hakusaidii. Zimeni redio, kaeni mbele yake penye mwanga aone midomo, semeni taratibu. Mkimkuta amesinzia msimtikise bega, aweza kushtuka vibaya, iteni kutoka mlangoni, “Babu, hodi!” Kamwe msiulize aliua wangapi. Ulizeni kikosi chake, alitembea na nani, nani hakurudi. Andikeni majina hayo anavyoyatamka. Akinyamaza, nyamazeni naye. Nusu saa inatosha, maana usiku wake usingizi waweza kugoma. Waambieni hilo wa nyumbani kabla ya kuaga. Na mkesha wa mwaka mpya ukikaribia, mzee aambiwe mapema kuwa saa sita kutapigwa fataki.

Yoshua alimsikiliza Kalebu mstari wa 6 hadi wa 12 bila kumkatiza. Mstari wa 13 ndipo akambariki, akampa Hebroni. Basi sala yetu nayo ije mwisho, mzee akishamaliza, na iyataje yale majina moja moja.