Shukrani haijanifanya nitake kidogo

Sipendi shukrani inapotumika kumnyamazisha mtu. Binti akisema anataka kusoma zaidi, anaambiwa ashukuru kwamba amefika kidato cha nne. Mkulima akiuliza kwa nini korosho yetu inaondoka ghafi kila mwaka kwenda kubanguliwa India na Vietnam, anaambiwa ashukuru tu, bei ya msimu huu si mbaya. Maneno haya nimekua nayo hapa Newala, kusini mwa Tanzania, na mara nyingi nimeambiwa na watu wanaonipenda kwa dhati. Ila kwangu mimi imekuwa kinyume. Shukrani ndiyo iliyonifungua macho nikaanza kutaka makubwa.

Mimi ni karani wa chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima wa hapa kijijini. Msimu ukifunguliwa Oktoba, kazi yangu ni mizani na daftari: jina la mkulima, kilo, daraja. Tangu mfumo wa kuuza kwa stakabadhi ghalani uanze huku kusini mwaka 2007, korosho inapita kwetu, inakwenda ghala kuu, inasubiri mnada, ndipo mkulima analipwa. (Kangomba hawajaisha, wale wanaonunua kwa bei ya kutupa korosho ingali juu ya mti, kwa mama ambaye mtoto wake anaumwa na hana wa kumkopa. Hao nitawaandikia siku yao.)

Msimu mmoja bibi mmoja alileta gunia ambalo halikujaa. Nilitia mkono ndani kama tunavyofanya kwa kila mtu, korosho zikagongana kwa ule mlio mkavu wa korosho iliyoanikwa ikakauka sawasawa. Hamna mchanga. Hamna hata moja iliyobaki na kipande cha bibo, lile tunda laini la mkorosho. Nikaandika jina lake na kilo zake, mstari mmoja, nikamwita anayefuata. Lakini familia ile naijua. Najua nani alipalilia shamba lile na nani alifagia chini ya mikorosho. Namjua kijana aliyekodiwa kupuliza salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, mwezi wa sita, akitembea na mashine mgongoni alfajiri kabla upepo haujaanza. Wajukuu waliookota kabla ya kwenda shule nawajua kwa majina. Wote hao wamo ndani ya gunia lile, na kwenye daftari kuna jina moja.

Jambo hilo halikuniacha. Usiku nikachukua daftari langu mwenyewe, nikasema ngoja niandike maisha yangu jinsi ambavyo ningependa lile gunia liandikwe.

Nikaanza na cheti changu cha uhasibu. Aliyelipa ada ni mjomba, kwa sababu kwetu mjomba ni mzazi, na korosho aliyoiuza ilitoka kwenye mikorosho iliyopandwa na bibi mzaa mama. Bibi yangu alikuwa na chale usoni na ndonya, pambo la mdomo wa juu, na hakuwahi kushika kalamu. Uwanda wetu huu wa Makonde uko juu na maji yako chini, kwa hiyo wanawake wa wakati wake waliamka usiku, wakashuka bondeni gizani, wakapanda na mtungi kichwani jua likiwa limeshatoka. Akishatua mtungi anakwenda shamba. Nikiwa mdogo nilimuuliza kama hakuchoka. Akanijibu, "Mjukuu wangu, nilichoka. Kwani nyie mngekunywa nini?"

Nilidhani orodha ingeishia kwa bibi. Haikuishia. Chuo nilisoma Dar es Salaam, na basi lilipita juu ya Daraja la Mkapa, pale Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003. Mama alinisimulia walivyokuwa wakisafiri zamani: mnasubiri pantoni, na masika mnaweza kulala njiani siku kadhaa, basi limezama kwenye tope, abiria wote chini wanasukuma. Mafundi waliomwaga zege pale simjui hata mmoja. Nimewaandika. Nimewaandika pia watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, maana ugonjwa wa ubwiri unga ulipokausha maua ya mikorosho miaka ya 1980, wakulima wengi huku walikata tamaa, na wao ndio walioendelea kutafuta dawa na mbegu bora. Halafu mkorosho wenyewe si wa kwetu kwa asili. Wareno waliuleta kutoka Brazili karne ya 16. Kuna mtu wa pwani, jina lake halipo popote, aliyefukia mbegu ngeni akaingoja izae.

Sasa nikisema "mimi nimesoma kwa jitihada zangu," nasema kweli, kwa sababu nilikesha na vitabu. Lakini huyo mimi ninayemtaja ameenea kuliko nilivyojua. Yumo bibi na mtungi wake, yumo mjomba, wamo mafundi wa Rufiji. Na mtu aliyebebwa na watu wote hao hawezi kusema kwamba ndoto yake lazima iwe ya kujitosha yeye na nyumba yake tu.

Yangu ni hii: korosho ya kijiji chetu ibanguliwe hapa hapa kijijini, ifungwe, itoke na jina la kijiji chetu juu ya pakiti.

Nipo kwenye kikundi cha wanawake wanaobangua, hivyo kazi yenyewe naijua kwa mikono. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi. Tukiketi kubangua tunajipaka majivu viganjani, na bado jioni vidole vinakuwa vyeusi na ngozi inabanduka. Korosho ghafi kilo nne au tano ndizo zinazotoa kilo moja iliyobanguliwa. Ikitoka nzima na nyeupe ina bei, ikivunjika bei inashuka. Ndiyo maana tunahitaji chombo cha kuchemshia kwa mvuke, mashine za kukatia zinazotumia mkono na mguu, na tanuri la kukaushia ili ile ngozi nyembamba ya ndani itoke bila kuvunja punje. Na gumu kuliko mashine zote ni mtaji wa malighafi. Korosho inapatikana kwa miezi michache tu. Anayetaka kubangua mwaka mzima anatakiwa awe na fedha ya kununua mzigo wa mwaka mzima wakati wa msimu, kisha ghala la kuutunza usipate unyevu. Hapo ndipo vikundi vingi vinakwama, na wala si kwa uvivu wa wanawake.

Nilipoieleza ndoto hii mbele ya wazee, mmoja aliniambia kwa upole, "Mwanangu, wewe ni karani, una mshahara. Mshukuru Mungu." Nikamjibu, "Shukrani ya mdomo peke yake haitoshi, babu. Namshukuru Mungu kila siku, na ndiyo sababu nimekuja kukuomba eneo la banda." Alikaa kimya, kisha akauliza banda lenyewe litakuwa la ukubwa gani. Nikachora chini kwa kijiti.

Eneo tumepata. Kila mwanakikundi anaweka akiba ya msimu, kidogo kidogo, na mimi naandika. Safari hii kwenye daftari la kikundi hakuna mstari wa jina moja. Mama akileta fedha namuuliza zimetokana na nani, naye anataja: mume wangu, binti yangu wa kwanza, shemeji aliyepuliza salfa kwa mkopo. Inachukua muda, foleni inalalamika, naandika hivyo hivyo.

Tumekubaliana pia kupanda mikorosho mipya ya kikundi kwa miche bora, inayoanza kuzaa ndani ya miaka mitatu hivi. Mashimo yameshachimbwa na samadi imeshaingia. Mvua za Desemba zikikolea tunapanda, na shule ya msingi imeahidi kutuletea darasa la sita wasaidie kubeba miche.