Siku moja maishani mwangu: mpanga viti wa okestra, Helsinki

Niweke wazi kabisa, mi sipigi fidla. Ndugu zangu Tanga wakiona picha nimevaa shati jeusi na nyuma kuna mangoma basi wanajua kijana kawa mwanamuziki mkubwa huko Ufini, nimekanusha mpaka nimechoka. Kazi yangu viti. Viti, stendi za nota, vijukwaa vya kwaya, na kusukuma zile ngoma za timpani ambazo ukiigonga moja mlangoni siku hiyo utajua hujui.

Saa moja asubuhi naingia, nje baridi ya kukata masikio. Ilikuwa tarehe 28 Februari, Siku ya Kalevala, ule utenzi mkuu wa Wafini, bendera mji mzima, na jioni tuna Kullervo ya Sibelius, mtunzi wao wa muziki, kazi ya okestra na kwaya inayosimulia kisa cha kijana Kullervo wa humo kwenye Kalevala. Mpaka saa tatu na nusu kila kitu kipo mahali pake, pembe nne, tarumbeta tatu, tromboni tatu, tuba moja, na mi nshakunywa kahawa vikombe vitatu.

Saa nne kenraali, ndo wanavyoita mazoezi ya mwisho. Siku ikaharibikia hapo.

Iko hivi, Kullervo ina sehemu tano na kwaya inaimba mbili tu, ya tatu na ya tano. Kwa hiyo wanaume kama 80 wanakaa kule nyuma kimya karibu nusu saa okestra ikipiga peke yake, halafu wanasimama wote kwa mpigo. Wakasimama. KWIIIII. Kondakta (siyo konda wa daladala jamani) akashusha mikono akauliza kwa upole hiyo ni nini, na Mfini akiuliza kwa upole ujue umekwisha. Wakakaa, kwiii. Wakasimama tena, kwiii.

Mapumziko tukapewa dakika 20. Mwenzangu wa Bukavu kaingia chini ya vijukwaa na tochi, mi juu nimekamatwa na mzee mmoja wa sauti ya besi ambaye kaapa ni kiti chake. Nikamletea kingine. Kifupi. Nikaleta kingine, hicho kirefu, miguu inaning'inia. Cha tatu akakikalia akanyanyuka akakikalia, hakilii, akasema unaona, nikamwambia mzee wangu hata kile cha kwanza hakikulia ulipokaa peke yako, akaanza kunielezea viti vya zamani vilivyokuwa vya mbao safi, dakika zinakwenda, na chini nasikia "Ndugu, inalia fasi gani?" nami najibu sijui kaka, huku juu wanasema kiti. Mwisho nikawaomba wanakwaya kumi waache kahawa zao waje wasimame mstari mmoja. Kwiii. Kumbe ni pale kijukwaa cha tatu kinapokutana na cha nne, chuma kinasuguana na chuma, na hakisuguani mpaka kipate uzito wa mstari mzima.

Nikaingia chini na mimi. Tulikata zulia kuukuu vipande vya upana wa vidole viwili, tukavipachika kwenye maungio na tepu nyeusi, na kabla hatujamaliza kondakta karudi na mazoezi yakaendelea juu yetu. Tukalala hapo hapo na vumbi letu. Viatu 160 juu ya kichwa, na wao wanaanza: Kullervo, Kalervon poika, yaani Kullervo mwana wa Kalervo. Mapigo yake ni ya tano tano, nasikia soli moja inayahesabu juu ya sikio langu. Mi nikahesabu maneno kwa vidole. Kul-ler-vo-Ka-ler-von-poi-ka. Nane! Mizani nane, kama kipande cha utenzi, kama Liyongo tuliyokaririshwa shule! Elias Lönnrot aliyakusanya haya kwa wazee waliokuwa wanayaimba, akatoa kitabu cha Kalevala 1835, akakiongeza 1849. Nikataka kumwambia jamaa wa Bukavu, ananiashiria ninyamaze nishike tepu.

Baada ya hapo saa sizikumbuki vizuri. Nilikula supu nimesimama. Kuna stendi ilikatika skrubu.

Jioni nipo nyuma ya mlango wa jukwaani. Ukumbi umejaa. Watu wanaipenda sana hii kazi, Sibelius aliiongoza mwenyewe hapa hapa Helsinki 1892 akiwa na miaka 26, mwaka uliofuata akaiweka kando, haikupigwa nzima tena mpaka 1958, mwenyewe keshakufa. Sehemu ya pili ikaisha. Nimeshika kitasa cha mlango mpaka vidole vimekufa ganzi. Wakasimama.

Kimya.

Jamaa wa Bukavu akanionyesha dole gumba, mi nikateleza ukutani nikakaa chini kabisa, na huko ndani Kullervo akambeba binti mmoja kwenye sleji, lile gari la kuteleza kwenye theluji, bila kujua ni dada yake wa damu, wakaja kuulizana ukoo wakati maji yamekwisha mwagika, binti akajitosa mtoni. Nimeisikia mara ngapi sijui na bado pale napata baridi. Sehemu ya nne wakakaa, ya tano wakasimama tena, Kullervo akajiua kwa upanga wake, na zulia letu halijasema kitu.

Makofi marefu. Yule mzee wa besi akipita na koti lake akanishika bega, "Si nilikwambia ni kiti?" Ndiyo mzee wangu, nikamjibu.

Kuvunja kumekwisha karibu saa sita usiku maana kesho asubuhi kuna onyesho la watoto. Vile vipande vya zulia sijavitoa. Nipo kwenye basi, gundi ya tepu imekataa kutoka kwenye kucha.