Bamvua, magunia na kosaini: siku yangu moja Mikindani

Saa 10:10 alfajiri. Simu inalia chini ya mto. Bibi ameshaamka zamani, anatia udhu uani. "Leo mwezi kumi na saba," ananiambia nikimwamkia. "Maji yatakauka hasa." Hesabu yake ya siku tangu mwezi kuandama imeishia hapo, na inamtosha: leo atakwenda kutafuta pweza.

Nashuka ufukweni na tochi. Mti wangu wa kupimia una urefu wa mita 4, nimeupiga rangi alama kila sentimita 5 na kuufunga kwenye nguzo ya zege iliyomo majini. Nasoma mara tano, wimbi likipanda na likishuka, kisha nachukua wastani. Saa 10:25 maji yamefika juu kabisa: sentimita 362. Naandika kwenye daftari, narudi kulala kidogo. Usingizi hauji.

Nasoma shahada ya hisabati tumizi. Chuo kiko Dar es Salaam, lakini wiki 8 za mafunzo kwa vitendo nimeziomba huku kwetu Mtwara, na mradi wangu wa mwaka wa tatu nao nimeuleta nyumbani: kutabiri maji ya ghuba hii. Watu wakisikia hisabati huniuliza nitafundisha shule gani. Ualimu naupenda na walimu wangu nawaheshimu sana, ila nataka ieleweke kwamba hisabati ina kazi nyingine pia. Bahari inayopanda na kushuka mbele ya mlango wetu ni moja ya kazi hizo.

Saa 12:40 asubuhi. Uji wa mtama, mihogo miwili ya kuchemsha, kisha daladala ya mjini. Nakaa dirishani, daftari mapajani.

Mwezi huitikisa bahari kwa mzunguko wa saa 12 na dakika 25 hivi. Jua nalo huitikisa kwa mzunguko wa saa 12 kamili, kwa nguvu ndogo zaidi. Kila mmoja nauandika kama kosaini moja, yaani mstari unaopanda na kushuka kama wimbi, kisha nazijumlisha. Zikipanda pamoja ni bamvua, maji hujaa sana na kukauka sana. Moja ikipanda nyingine ikishuka, ni maji mafu, hayajai wala kukauka sana. Chukua 1 gawanya kwa 12, toa 1 gawanya kwa 12.4206, kisha geuza jibu: unapata saa 354, yaani siku 14.77. Ndiyo maana bamvua huja mara mbili kwa mwezi, kama Bibi anavyojua tangu utoto wake. Mwaka 1872 William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alibuni mashine ya magurudumu iliyojumlisha kosaini za namna hii na kuchora maji ya bandari kabla hayajafika. Mimi nina kompyuta mpakato na Python, lugha ya kuandikia programu, lakini wazo ni lilelile.

Kuna jambo lililonisumbua wiki nzima. Bibi husema bamvua ya hapa kwetu hukauka saa nne, ya asubuhi au ya usiku, haijapata kukauka alfajiri. Nilidhani ni mazoea tu. Maji si yanachelewa kila siku, kwa wastani dakika 50? Iweje bamvua irudi palepale kwenye saa?

Karibu na njia panda ya kuingia mjini nikaliona. Bamvua hutokea pale tu kosaini ya mwezi inapokutana na ya jua. Na ya jua, kwa kuwa mzunguko wake ni saa 12 kamili, haihami kwenye saa ya ukutani hata siku moja. Kwa hiyo zikikutana, lazima zikutanie kwenye saa ya jua! Mwezi ndiye anayetangatanga, na bamvua ni siku ile anayompitia jua kituoni kwake. Nilitaka kumwambia kondakta. Nilipitiliza kituo, nikarudi kwa miguu.

Saa 2:00. Ofisini. Tunashughulika na kupeleka korosho ghalani, na msimu wa minada hufunguka kwenye Oktoba, kwa hiyo sasa ni wakati wa kupanga. Nimepewa vyama vya msingi vya ushirika 14 na maghala 3: nani apeleke wapi, kwa gharama ndogo ya malori. Njia zinazowezekana ni 14 mara 3, yaani 42. Hili ni tatizo la usafirishaji, na njia ya simpleksi, aliyoibuni George Dantzig mwaka 1947, hulitatua kwa kutembea kutoka kona hadi kona ya umbo lenye majibu yote yanayokubalika, hadi kona isiyo na jirani wa bei nafuu.

Msimamizi wangu, mzee mtaratibu sana, anaangalia jedwali. "Mwanangu, mbona njia nyingi umeweka sifuri?"

Namwonyesha. Vyama 14 na maghala 3 ni masharti 17, na moja linatokana na mengine yote, kwa kuwa jumla inayotoka vyamani ndiyo inayoingia maghalani; yanabaki 16. Mpango bora unaweza kupatikana kwa kutumia njia zisizozidi 16 kati ya 42. Anakaa kimya kidogo, kisha anauliza swali zuri kuliko yote niliyoulizwa darasani: ghala moja likijaa mapema, ni njia zipi kati ya hizo zitabadilika? Mchana mzima nalifanyia kazi. Napunguza nafasi ya ghala gunia kwa gunia, la kilo 80, naangalia ni wapi mpango unavunjika.

Saa 4:38 mdogo wangu, aliyeko kidato cha pili, ananitumia ujumbe kutoka ufukweni: "Dada, sentimita 21. Bibi kapata pweza wanne." Nimefurahi kwa yote mawili.

Saa 7:00. Wali na samaki kwa mama ntilie, upande wa bandarini. Bandari hii ilijengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kufutwa 1951. Reli ilitandikwa hadi Nachingwea, baadaye ikang'olewa. Mvua na udongo havikuwa vimepimwa vya kutosha kabla ya kupiga hesabu za mavuno. Nikila hapa huwa naukumbuka ule mti wangu wa kupimia, na sioni uvivu tena kuamka saa kumi.

Saa 10:50 jioni. Niliomba ruhusa, nikawahi. Upepo wa kusi unavuma, maji yamejaa. Programu ilitabiri sentimita 355; mti unasoma 364. Tofauti ni 9. Nashuku upepo na hali ya hewa. Mgandamizo wa hewa ukishuka hektopaskali 1, bahari hupanda karibu sentimita 1, na hilo halimo kwenye kosaini zangu. Nitahitaji rekodi za hewa za siku hizi.

Saa 2:30 usiku. Pweza wa nazi, kisha kazi. Nina vipimo 73 sasa. Natafuta mstari wa mawimbi ambao tofauti zake na vipimo, zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe na kujumlishwa, ziwe ndogo kuliko za mstari mwingine wowote wa namna hiyo. Namweleza Bibi habari ya jua na mwezi kukutana kituoni. Anasikiliza hadi mwisho, mikono ikiendelea kuchambua mchele.

"Basi na kesho?" anauliza.

"Saa tano na robo, au dakika chache zaidi."

"Nitatoka saa nne na nusu, kule mbali kuna mwamba."

Naandika 5:18 kwenye daftari, naweka kengele ya saa 11 kasoro robo alfajiri.